Jinsi ya kumsoma mbwa wa ulinzi kabla hujafungua banda

Hatua hizi nilimwelekeza dada aliyeanza kazi kwenye nyumba yenye mbwa anayefungiwa mchana na kufunguliwa usiku. Yeye ndiye aliyepewa jukumu la kumlisha.

Hatua ya 1: Mwangalie akiwa ametulia

Banda likiwa limefungwa, simama mbali. Mkia umekaaje? Masikio je? Mdomo uko wazi au umefumba? Hiyo ndiyo hali yake ya kawaida.

Hatua ya 2: Mkia

Hapa usiwe na haraka. "Alikuwa anatikisa mkia" ni maneno ninayoyasikia mno kwa watu waliong'atwa. Mkia unaotikisika unakuambia kwamba mbwa amesisimka, basi. Kama ni furaha au hasira, tazama namna unavyotikisika. Ukiwa umesimama wima, mgumu, na ncha inatetemeka kwa haraka, usisogee. Ukiwa laini, usawa wa mgongo, ukipepea mpaka kiuno kinacheza, huyo amefurahi.

Lakini si mbwa wote wanaobeba mkia sawa. Mbwa wetu wa kienyeji wengi wamezaliwa na mkia uliojikunja juu. Usidhani wamepandwa na hasira. German Shepherd huuteremsha, na wala haogopi. Aliyekatwa mkia, soma kiuno na masikio. Ndiyo maana ya hatua ya kwanza: linganisha mbwa na yeye mwenyewe, si na mbwa wa jirani.

Na aliyefyata mkia usimwone mnyonge. Mbwa mwoga akibanwa kwenye kona hung'ata, kwa hiyo usisimame mlangoni ukamzibia njia.

Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2007 kwamba mkia huelemea kulia mbwa akimwona mtu anayemfuga, na kushoto akikutana na mbwa mgeni mbabe. Ni elimu nzuri, ila mbele ya banda mimi siitegemei.

Hatua ya 3: Uso

Akilamba pua na hakuna chakula, akipiga miayo na hana usingizi, akigeuza kichwa pembeni: anaomba nafasi. Mpe.

Mdomo uliokuwa wazi ukifumba ghafla, weupe wa jicho ukatokeza na mwili ukaganda, hilo ni onyo la mwisho. Acha kumkazia macho, mgeuzie ubavu, rudi nyuma taratibu. Usikimbie.

Hatua ya 4: Akinguruma, usimpige

Fimbo siikubali kabisa kwenye kazi hii. Mbwa anayechapwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza tu. Hasira inabaki palepale, na siku nyingine atang'ata bila kukuonya.

Hatua ya 5: Mlishe

Usimnyooshee mkono aunuse. Simama ubavu, mrushie dagaa chini, karibu naye kuliko wewe. Akinyakua huku mwili wa nyuma umevutika tayari kukimbia, bado hajakuamini. Ishia hapo, urudi kesho.

Aking'ata

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama ni mkwaruzo tu. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Hivyo muulize mwenye nyumba kadi ya chanjo ya mbwa kabla hujashika sahani ya chakula.