Jinsi ya kuizuia Linux isishike kituo kibovu cha Wi-Fi

Ofisini, hosteli au hotelini, jina moja la Wi-Fi mara nyingi hurushwa na vituo kadhaa vilivyofungwa darini. Kimoja kikiharibika, kompyuta haina habari: inaona jina lilelile na mawimbi yenye nguvu, inakikimbilia. Ubovu wenyewe mara nyingi uko nyuma ya mawimbi, kwenye kebo inayoleta mtandao au programu ya kituo iliyokwama. Ndiyo maana alama zinajaa na kurasa hazifunguki.

Hatua ya 1: Jua umeshika kituo kipi

Kila kituo kina anwani yake, BSSID. Itazame kwa amri hii kwenye terminali:

`nmcli -f IN-USE,SSID,BSSID,CHAN,SIGNAL dev wifi list --rescan yes`

Nyota inaonyesha ulipo. Angalizo: kituo kimoja kwa kawaida hurusha GHz 2.4 na GHz 5, kila moja na BSSID yake, na mara nyingi hutofautiana tarakimu chache tu. Ukikwepa moja ukasahau nyingine, bado uko kwenye kiboksi kilekile.

Hatua ya 2: Thibitisha kabla ya kulaumu

Pima hadi kwenye ruta ya hapo hapo ndani. Ukipima hadi nje, hutajua kosa ni la kituo au la kampuni ya intaneti.

`ip route | grep default`
`ping -c 50 192.168.1.1`

Badala ya 192.168.1.1 weka anwani iliyotokea baada ya neno `via`. Umesimama chini ya kituo na bado pakiti tano kati ya 50 zinapotea? Hapo pana kasoro. Nenda kwenye kituo kingine, rudia. Kikiwa safi, umempata mshukiwa. Vyote viwili vikipoteza, chunguza kadi au draiva yako. Kisha soma kumbukumbu za wpa_supplicant, programu inayoiunganisha kadi na Wi-Fi:

`sudo journalctl -b -u wpa_supplicant | grep DISCONNECTED`

Tafuta BSSID inayojirudia. Penye `locally_generated=1`, aliyekata ni kompyuta yako, pengine ilikuwa inahama kituo, kwa hiyo mstari huo peke yake si ushahidi. Kituo ambacho kebo yake imekufa kina dalili nyingine: unaunganishwa vizuri, ila anwani ya IP haiji, na NetworkManager (programu inayosimamia mtandao kwenye Linux, ambayo nmcli ni amri yake) hukata tamaa baada ya sekunde 45.

Hatua ya 3: Jifunge kwenye kituo kizima

NetworkManager haina orodha ya vituo vya kukataa. Inakubali tu kuambiwa ishike kipi. Nakili profaili yako, yaani mipangilio ya Wi-Fi iliyohifadhiwa (hapa inaitwa Ofisi), uifunge nakala kwa BSSID ya kituo kizima (iliyo hapa chini ni mfano tu):

`nmcli con clone Ofisi Ofisi-A`
`nmcli con mod Ofisi-A 802-11-wireless.bssid 02:11:22:33:44:55`
`nmcli con mod Ofisi-A connection.autoconnect-priority 10`
`nmcli con mod Ofisi connection.autoconnect no`
`nmcli con up Ofisi-A`

Gharama yake ni kwamba ukitembea na laptopu, haitahamia kituo cha karibu. Tengeneza Ofisi-B ya kituo cha pili kizima, kipaumbele 5.

Hatua ya 4: Vituo vizima vikiwa vingi

Kutengeneza profaili kumi ni kujitesa. Tumia wpa_supplicant moja kwa moja, ambayo inajua kukataa. Andika `/etc/wpa_supplicant/ofisi.conf`, ukiweka jina la Wi-Fi yako, nywila yako, na BSSID za kituo kibovu baada ya `bssid_ignore`:

```
network={
  ssid="Ofisi"
  psk="nywila"
  bssid_ignore=02:11:22:33:44:66 02:11:22:33:44:67
}
```

Neno `bssid_ignore` lilikuja na toleo 2.10, matoleo ya nyuma yanataka `bssid_blacklist`, na ukikosea faili zima linakataliwa. Kagua kwa `wpa_supplicant -v`. Halafu:

`sudo nmcli dev set wlan0 managed no`
`sudo wpa_supplicant -B -i wlan0 -c /etc/wpa_supplicant/ofisi.conf`
`sudo dhcpcd wlan0`

Usiruke amri ya kwanza, la sivyo programu mbili zitagombania kadi moja. Kama jina la kadi si wlan0, `iw dev` itakuonyesha.

Mpe fundi wa mtandao BSSID mbovu pamoja na saa za kukatika. Akishabadilisha kiboksi, BSSID nayo hubadilika, hivyo futa Ofisi-A na Ofisi-B kwa `nmcli con delete` na urudishe `connection.autoconnect yes` kwenye Ofisi.