Hesabu "mimi" zako: namna ya kuisikiliza nafsi ndani ya sala

Kazi yangu ni kusoma maandishi ya watu na kuyanyoosha kabla hayajachapwa. Ukishinda na kalamu nyekundu mchana kutwa, jioni macho hayakubali kupumzika. Hata karatasi ya maelezo ya dawa nasoma nikitafuta kosa. Ndivyo ilivyonitokea usiku mmoja nilipofungua daftari ninaloandikia sala zangu. Sikuona sala. Niliona ni-, ni-, ni-. Ukurasa wa mistari 22, nami nimo mara 37: naomba, nisaidie, nimechoka, kazi yangu, adui zangu. Mungu mwenyewe alitajwa mara 4, na mara 3 kati ya hizo ilikuwa ni kumwagiza.

Tangu siku hiyo nina zoezi ninalolifanya kila baada ya wiki chache. Halichagui dini. Anayesali analiweza, anayekaa kimya akitafakari analiweza, na anayeandika shajara tu bila kumwelekea yeyote naye analiweza.

Kuandika na kuchora mistari

Andika dakika tano, kwa maneno yako ya kila siku. Sala ulizokariri ziache kwanza, tutazirudia. Hapa tunataka ile sehemu unayoisema kwa kinywa chako. Usijitengeneze. Ukimaliza, funga daftari mpaka kesho, kwa sababu ukilisoma siku ileile utakuwa wakili wa maandishi yako.

Kesho yake chukua kalamu ya rangi nyingine, upige mstari kila mahali ulipo. Kiswahili kinakuficha vizuri. Neno "mimi" lenyewe hulioni sana, maana tunalitamka pale tu tunapotaka kukazia. "Nimesali" inatosha, na "mimi nimesali" tayari ina mtu anayepigwa kijembe. Kwa hiyo tafuta ndani ya vitenzi: ni- mwanzoni, -ni- katikati. Tafuta -angu, nami, kwangu. Usiipite si-, kwa sababu tukikanusha ni- humezwa yote: "sijui" haina hata herufi moja ya "najua" yako isipokuwa shina.

Halafu tazama umekaa wapi. Umekuwa mtenda, au mtendwa, au mwenye mali? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pengine pote. Wewe akitendwa hubadilika umbo: u- inakuwa -ku-. Yeye naye: a- inakuwa -m-. Mimi sibadiliki. "Nimekusamehe", "umenisamehe": ni ileile, imehama kiti tu. Miaka yote niliyohariri sikuwahi kulishangaa hilo mpaka nilipolikuta kwenye daftari langu.

Na kuna jambo linalozidi hilo. Tazama "nisaidie". Tumezoea kulisikia kama ombi: wewe unisaidie mimi. Lakini liseme tena kwa sauti ya mtu anayeuliza: "Nisaidie nani?" Neno halijabadilika hata herufi, ila sasa mimi ndiye wa kusaidia. "Nisikilize" vivyo hivyo. "Nisamehe" vivyo hivyo: nihurumie kwa kosa langu, au, mimi nimsamehe mtu fulani. Sidai kwamba lugha ilipangwa hivyo kwa makusudi ya kiroho. Ni viambishi vimegongana. Lakini mgongano huo nautumia. Kila ombi langu lenye umbo hili nalisoma mara mbili, mara ya pili kama swali, kisha nakaa kimya nione kama kuna jina linakuja. Mara nyingi linakuja haraka kuliko ninavyopenda.

Jambo jingine nililoliona: -ni- zangu zote za mtendwa zilikuwa za kuomba. Nipe, nilinde, niondolee. Hakuna hata moja iliyosema jambo lililokwisha kutendeka. Siku hizi, kila nikiandika "nipe", naandika chini yake "umenipa" moja, yenye kitu mahususi. "Umenipa uhai" haikubaliki; hiyo ni ya kujaza ukurasa. "Umenipa saa nzima leo bila maumivu ya mgongo" inakubalika.

Pale unaposema "mimi ni"

Chagua sentensi moja uliyojibandika. Yangu ilikuwa "mimi ni mwoga". Iandike kwa hatua tatu, kila moja kwenye mstari wake:

Mimi ni mwoga.
Nina woga.
Woga umenijia.

Zisome kwa sauti, moja moja, na pumzi kadhaa katikati. Ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Ya pili, ukiifumua, ni "ni" na "na": niko pamoja na woga, tumekaa wawili. Ya tatu ina mgeni, na mgeni anaweza kuulizwa maswali. Umefika saa ngapi? Nilipouliza mara ya kwanza nilipata jibu lililo wazi kabisa: ulifika saa nne asubuhi, baada ya simu fulani. Kumbe mtu niliyemwita mwoga maisha yake yote alikuwa na woga wenye umri wa saa tisa tu.

Kiswahili ni kikarimu sana kwenye hatua ya tatu. Hasira hutupanda, huzuni hutuingia, usingizi hutuchukua, homa hutushika. Wazee waliotuachia misemo hii hawakuwa wakifundisha kutafakari, lakini wametuwekea mlango. Buddha aliwapa wanafunzi wake maneno ya kutumia kwa kila kinachopita mwilini na akilini: hiki si changu, hiki si mimi, hiki si nafsi yangu. Mswahili anayesema "hasira zimenipanda" yuko karibu na hapo kuliko anavyojua.

Pale usipothubutu kuitoa ni-

Sasa nitakwambia nilivyolitumia zoezi hili vibaya, kwa sababu nimewaona na wengine wakiangukia palepale.

Niliwahi kumtolea dada yangu maneno mazito mbele ya watu. Wiki moja baadaye nikamwandikia: "Dada, siku ile kuna maneno yalitoka, naona yamekuumiza, mambo yakaharibika. Naomba tuyasahau." Niliona nimeandika kwa unyenyekevu mkubwa. Alijibu kwa mstari mmoja: "Yalitoka yenyewe? Yalivaa viatu?"

Nikausoma ujumbe wangu kwa jicho la kazi. Yalitoka, yamekuumiza, yakaharibika. Watenda watatu, wote ya-. Mimi nimo mahali pawili tu, "naona" na "naomba", yaani nimejigawia kazi safi, ile chafu nikawaachia maneno. Nilikuwa nimejifunza kuitoa ni- kwenye woga, nikaona ni ustadi, nikaitoa na kwenye kosa.

Nikaandika upya: "Dada, nilikutukana mbele ya watu. Nilijua itakuuma. Nisamehe." Akajibu, "Haya, mdogo wangu. Nimekusikia."

Fumua "nilikutukana" uone. Ni-, halafu -li-, halafu -ku-. Yeye na mimi tumo ndani ya neno moja, na kati yetu kuna wakati uliopita. Toba ninayoijua mimi inahitaji neno la namna hiyo. Vitenzi vya kutendeka na vinavyofanana navyo (kuharibika, kuvunjika, kupotea, kutokea) ni vizuri kwa msiba na maradhi, na ni maficho mabaya kwa mwenye kosa. Kwa hiyo kipimo changu ni rahisi: kilichonijia, nakiacha kiwe mtenda, kilichofanywa na mkono wangu au mdomo wangu, ni- inarudi mahali pake hata kama inauma. Ukishindwa kuamua, mpe sentensi yule uliyemkosea aisome. Yeye ataiona ni- iliyopotea mara moja.

Mtu anayejilaumu

"Najilaumu." Kuna -ji- hapo, nayo haibadiliki kwa mtu yeyote: najilaumu, unajilaumu, anajilaumu. Mlaumu na mlaumiwa wamefungwa chumba kimoja. Ukikwama humo, jaribu kuwatenganisha kwa kujiita "wewe", au kwa jina lako. Mtunzi wa Zaburi ya 42 anafanya hivyo, anaigeukia nafsi yake na kuiuliza kwa nini imeinama. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wanaojisemesha kwa jina lao au kwa "wewe", badala ya "mimi", walimudu vizuri zaidi wasiwasi wa kuhutubia mbele ya watu. Mimi najiita kwa jina nililopewa utotoni. Ni vigumu kumkaripia mtu mwenye jina hilo.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, liko swali la Ramana Maharshi, yule mhenga wa India aliyezaliwa 1879. Mwaka 1896, akiwa na miaka 16, alishikwa na hofu ya kifo ghafla akiwa Madurai. Akajilaza kama maiti, akauliza ni nini hasa kinachokufa. Baadaye alikuwa akiwaelekeza watu kwenye swali moja: mimi ni nani? Kwa Kiswahili naliingia kwa mlango mwingine. Tukisema "nafsi yangu imechoka", nafsi inachukua i-, kama nyumba, kama meza. Basi hiyo -angu ni ya nani? Nani anaimiliki? Kusema kweli, siwezi kukaa na swali hili zaidi ya dakika kumi. Baada ya hapo linageuka chemshabongo na najikuta natafuta jibu la kuwaambia wengine.

Kutoka Yeye kwenda Wewe

Sasa rudi kwenye sala ulizokariri, uzisikilize viwakilishi vyake tu.

Wanasarufi wa Kiarabu, lugha iliyotupa neno hili "nafsi", humwita nafsi ya kwanza msemaji, ya pili msemeshwa, na ya tatu "ghaibu", asiyekuwepo. Ukisoma Al-Fatiha kwa majina hayo utaona kitu. Aya za mwanzo zinamsifu Mungu kama anayezungumziwa, Bwana wa ulimwengu, Mwenye kumiliki Siku ya Malipo. Kisha aya ya tano inageuka: Wewe tu tunakuabudu. Aliyekuwa akitajwa sasa anasemeshwa. Zaburi ya 23 nayo inageuka vivyo hivyo, na mahali inapogeukia panasisimua: kwenye malisho na maji ya utulivu ni yeye, hunilaza, huniongoza, inapofika bonde la uvuli wa mauti ndipo inasema "Wewe upo pamoja nami". Martin Buber, mwanafalsafa Myahudi, alijenga juu ya jambo hili falsafa nzima mwaka 1923: mimi wa "mimi na wewe" si mimi yuleyule wa "mimi na kile".

Jinsi ya kulifanya: anza sala yako kwa nafsi ya tatu. Msimulie tu Yeye, kana kwamba unamweleza mtu. Usilazimishe kugeuka. Siku nyingine utamaliza bado uko kwenye Yeye, si vibaya. Siku nyingine "wewe" itakutoka katikati ya sentensi, sarufi itavurugika, na hapo usisahihishe. Nasema hivi mimi ambaye kusahihisha ndiyo riziki yangu.

Na shukuru kidogo kwa "yeye" wetu. Hana uke wala uume. Wenzetu wa lugha nyingi wanagombana wamwite Mungu kwa kiwakilishi cha jinsia gani. Sisi tukisema "Yeye" tumekwisha kusema.

Nani yumo ndani ya tu-

Sala ya Baba Yetu haina "mimi" hata mahali pamoja. Utupe, utusamehe, usitutie, utuokoe. Al-Fatiha pia: tunakuabudu, tunakuomba, tuongoze. Hata aliye peke yake chumbani, mlango umefungwa, anasema tu-. Sisi yetu haina mpaka unaoonekana. Sarufi haisemi kama jirani yumo au hayumo. Inabidi uamue mwenyewe.

Kwa hiyo andika tu- juu ya ukurasa mtupu, na chini yake majina ya watu unaowaona kweli ukisema "utupe". Si wanadamu wote, majina. Mara ya kwanza nilipata 5, wote wa damu yangu. Nikakaa. Baada ya hapo nimekuwa nikiongeza moja moja, bila haraka: mfanyakazi mwenzangu, mtu wa ghorofa ya chini anayepiga muziki usiku, dada yangu (ndiyo, hakuwemo kwenye wale 5).

Jina la 9 ni la mtu mmoja aliyenitenda jambo ambalo sitalisimulia hapa. Lilikuja siku niliyokuwa nikisoma "nisamehe" kwa ile namna ya pili. Nimeliandika kwa penseli. Wino bado.