Kenchi bila kubahatisha: kupata urefu wa mbao za kusimama kwa uwiano

Mafundi wengi wa paa wanapanda juu na tepu, wanashika mbao palepale, wanakata, haifiki, wanakata nyingine. Mbao bei yake mnaijua. Hesabu ya pembetatu zinazofanana ile tuliyosoma shule ndo inamaliza hii kazi ukiwa chini kabisa, na penseli tu.

Tuchukue kenchi ya kawaida, yaani ile fremu ya mbao ya pembetatu inayobeba paa. Kutoka kona, pale mbao ya mteremko inapokutana na mbao ya mlalo, mpaka katikati ni mita 4, na nguzo ya katikati ni mita 1.6. Tunataka kusimamisha mbao kwenye mita 1, mita 2 na mita 3 kutoka kona. Zikatwe urefu gani?

Kwanza chora. Hata kwenye ubao wa sementi, chora tu. Utaona kila mbao ya kusimama inatengeneza pembetatu ndogo ndani ya ile kubwa, kona ni ileile moja, na zote zina pembe mraba pale chini, kwa hiyo zinafanana, ndogo ni kama kubwa imepunguzwa. Ila hii ni kweli kama mbao zimesimama wima, pima kwa timazi, ikilala kidogo tu hesabu yote imeharibika.

Pili andika uwiano, urefu wa kusimama juu, umbali kutoka kona chini, pande zote mbili mpangilio uleule:

x / 1 = 1.6 / 4

Zidisha kwa msalaba: 4x = 1.6, x = 0.4. Yaani sm 40. Ya mita 2 inakuwa sm 80, ya mita 3 sm 120. Umeona eeh, kila mita moja unayosogea paa linapanda sm 40, ukishaijua hiyo namba iandike ukutani maana utaitumia siku nzima.

Sasa hapa ndo watu wanaanguka, na mimi niliwahi kuharibu mbao za kenchi mbili nzima kwa sababu hii: umbali unapimwa KUTOKA KONA. Mbao ya mita 1 kutoka kona iko mita 3 kutoka nguzo ya katikati, ukiweka 3 badala ya 1 unapata sm 120, na ukiwa na haraka hutashtuka kwa sababu ni namba inayokubalika kabisa machoni. Kwa hiyo kabla ya kukata jiulize, iliyo karibu na kona si inatakiwa iwe fupi?

Halafu kuna kinyume chake, hii naipenda sana. Umebaki na kipande cha sm 90, kitakaa wapi?

0.9 / x = 1.6 / 4

1.6x = 3.6, x = mita 2.25 kutoka kona. Kipande kimepata kazi.

Kichwa cha mbao nacho lazima kikatwe kwa mshazari kifuate mteremko, watu wanakadiria kwa jicho. Usikadirie, ni pembetatu ileile tena ila ndogo: mbao ina upana wa sm 10, x / 10 = 1.6 / 4, x = 4. Weka alama upande mrefu, huo wa kuelekea katikati (na ule umbali kutoka kona upimie hapohapo), upande wa pili shuka sm 4, unganisha kwa mstari, kata. Inakaa pah.

Na upenu (ile sehemu ya paa inayopita nje ya ukuta) ukitoka sm 60 nje, utashuka sm 24, angalia usije ukagonga juu ya dirisha.

Vipimo viwe vya aina moja jamani, mwenye nyumba akikutajia futi geuza kwanza, futi 1 ni sm 30.48, ndo uanze kuandika uwiano.