Jinsi ya kupima superoksidi kwenye seli za endothelia bila kujidanganya

Wanafunzi wa uzamili wanaoingia kwenye utafiti wa moyo na mishipa ya damu huja na swali lile lile: "Nipimeje ROS?" ROS ni molekuli tendaji zitokanazo na oksijeni. Nami huwauliza: ROS ipi? Ndani ya seli kuna superoksidi, kuna peroksidi ya haidrojeni, kuna peroksinitraiti, na kila moja ina tabia zake. Superoksidi haidumu wala haivuki utando kirahisi. Ikikutana na nitriki oksaidi, ile inayolegeza misuli ya ateri, huungana nayo papo hapo na kuzaa peroksinitraiti, na mshipa hukosa cha kuulegeza. Peroksidi ya haidrojeni hudumu zaidi, na ikiwa kidogo seli huitumia kupelekeana ujumbe. Ukiandika tu "ROS iliongezeka", msomaji hajui umepima nini.

Hapa naonyesha njia moja: superoksidi, kwa kutumia dihidroethidiumu, yaani DHE, kemikali inayong'aa nyekundu ikioksidishwa, kwenye seli za endothelia (zile zinazotanda ukuta wa ndani wa mishipa ya damu) za mshipa wa kitovu (HUVEC) zilizokaa kwenye glukosi nyingi. Mwaka 2000 kundi la Michael Brownlee lilionyesha, kwa seli za aota ya ng'ombe, kwamba glukosi nyingi huzifanya mitokondria zitoe superoksidi zaidi, na kwamba ukiizuia, njia tatu za madhara ya kisukari hutulia kwa pamoja. Kwa hiyo tunajua tunachokitafuta.

Hatua ya 1. Andika jibu litakalokukatalia

Kabla hujashika pipeti, andika kwenye daftari: "Mng'ao ukipanda kwenye glukosi lakini usishuke nikiweka PEG-SOD (kimeng'enya kinachoondoa superoksidi), sitauita superoksidi." Weka na tarehe. Ukishaona picha nyekundu utakuwa umechelewa, maana hapo kila mtu hugeuka wakili wa dhana yake.

Hatua ya 2. Seli

Njia ya kutoa seli hizi kwa kolajenasi ilielezwa na Eric Jaffe na wenzake mwaka 1973, na tunaifuata mpaka leo. Ukikusanya kamba za kitovu (hapa naziita vitovu) mwenyewe kutoka wodi ya wazazi, kibali cha maadili na ridhaa ya mama vinatangulia. Kwa Tanzania, NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) wanahusika. Ni kweli kitovu kingetupwa, lakini bado ni cha yule mama.

Otesha kwenye sahani iliyopakwa jelatini, nyuzi 37, CO₂ asilimia 5. Fanyia kazi pasaji (mara seli zilizohamishiwa sahani mpya) ya 2 hadi ya 5, maana seli zikizidi hapo huanza kupoteza tabia zake za endothelia. Subiri zishikane zote. Seli zilizotawanyika zingali zinagawanyika, na hazifanani na ukuta wa mshipa uliotulia.

Hatua ya 3. Glukosi na mannitoli

Andaa makundi matatu: glukosi 5.5 mM, glukosi 30 mM, na glukosi 5.5 mM pamoja na mannitoli 24.5 mM. Kundi la tatu ndilo linaloachwa mara nyingi, na bila hilo huwezi kujua kama seli zimeumizwa na glukosi au na ukolezi wa myeyusho tu, kwa kuwa mannitoli huongeza ukolezi bila kuwa glukosi. Ziache saa 48 na ubadilishe midia (kimiminika cha kulishia seli) kila siku, kwa sababu seli zinaila hiyo glukosi.

Soma lebo ya chupa. Midia iitwayo M199 ina 5.5 mM, lakini baadhi ya midia zinazouzwa tayari zina 25 mM, na mtu anaweza kulinganisha "nyingi" na "nyingi" mwaka mzima bila kujua. Kumbuka pia kwamba 30 mM ni ile ile 30 ya glukometa zetu: mgonjwa mwenye kiwango hicho hukimbizwa hospitali. Kwenye kichwa cha makala andika "glukosi nyingi", usiandike "kisukari".

Hatua ya 4. DHE

Yeyusha kwenye kiyeyushio cha DMSO iwe 5 mM, gawa kwenye vichupa vidogo, funika kwa foili, hifadhi kwenye friza. Kichupa kikishayeyuka, kitumie siku hiyo hiyo. Kikigeuka rangi ya waridi kimeshaoksidishwa, kitupe.

Siku ya kipimo osha seli kwa bafa isiyo na fenoli nyekundu, weka DHE ya 5 µM (ni kuzimua mara 1,000, hivyo DMSO inabaki asilimia 0.1), acha dakika 30 kwenye inkubeta gizani, osha tena. Fanya haraka na uzime taa za kabati, kwa kuwa mwanga wenyewe huoksidisha DHE.

Hatua ya 5. Vidhibiti

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo bajeti hukatwa kwanza. Ukilazimika kupunguza, punguza idadi ya dozi, usiguse vidhibiti.

Weka kisima chenye seli bila DHE, na kingine chenye DHE bila seli. Weka kisima cha antimaisini A, 10 µM kwa dakika 30, ambayo huzuia mnyororo wa elektroni kwenye mitokondria. Kisipong'aa zaidi, kipimo chako hakifanyi kazi siku hiyo, simamisha.

Kisha PEG-SOD. SOD ya kawaida ni protini kubwa na haiingii ndani ya seli, ndiyo maana tunatumia iliyounganishwa na PEG (polima inayoisaidia kuingia), na tunaitanguliza angalau saa moja kabla ya DHE. Mng'ao ulioongezwa na glukosi ukishuka, una hoja. Kwenye kisima kingine weka PEG-katalasi, inayoondoa peroksidi ya haidrojeni. Ikiwa katalasi ndiyo inayoshusha na SOD haigusi kitu, umepima kitu kingine.

L-NAME, 100 µM, inastahili kisima chake. Huzuia eNOS, kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksaidi ndani ya seli hizi. Kwenye seli zenye afya, ukizuia nitriki oksaidi unatarajia superoksidi ipande kidogo, kwa kuwa aliyekuwa akiila hayupo. Ikishuka badala yake, shuku kwamba eNOS yenyewe imeharibika na imegeuka chanzo cha superoksidi. Kisima hicho kimoja kinaweza kukupa sura nzima ya tasnifu.

Sishauri NAC (N-asetilisisteini, kizuia oksidishaji cha jumla) kama ushahidi. Inagusa mambo mengi ndani ya seli, ikiwemo glutathioni, na "NAC ilishusha" haikuambii ilishusha nini. Kufagia vioksidishaji kwa ujumla kulishajaribiwa kwa watu: utafiti wa HPS (Heart Protection Study) wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2002, uliwapa baadhi ya washiriki wake 20,536 vitamini E, C na beta-karotini kwa takriban miaka mitano, na mshtuko wa moyo haukupungua.

Hatua ya 6. Kusoma

Kwa hadubini tumia kichujio cha rodamini, na muda wa mwanga uwe mmoja kwa visima vyote. Zima mpangilio wa otomatiki, la sivyo kamera itang'arisha kundi hafifu. Kagua pia uhai wa seli kwa tripani bluu: seli iliyokufa huwa na kiini chekundu hata kama haina habari na superoksidi.

Tatizo kubwa ni kwamba DHE ikikutana na superoksidi hutoa 2-hidroksiethidiumu, na ikikutana na vioksidishaji vingine hutoa ethidiumu. Zote mbili ni nyekundu. Hadubini ya kawaida haizitenganishi vizuri, HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali zilizo kwenye kimiminika) huzitenganisha. Kama chuo chako hakina, chuo au taasisi jirani huenda inayo kwa ajili ya kupima dawa. Vuna seli, toa kwa asetonitraili, kausha, hifadhi kwenye baridi kali gizani, peleka. Picha zibaki kielelezo, namba zitoke HPLC zikigawanywa kwa miligramu za protini.

Hatua ya 7. Hesabu

Visima sita kutoka kitovu kimoja ni sampuli moja tu (n = 1). Chukua wastani wa visima, kisha hesabu vitovu. Akina mama hutofautiana sana, kwa hiyo linganisha kila kitovu na chenyewe: kwa makundi mawili tumia jaribio la t la jozi; kwa matatu, ANOVA ya vipimo vya kurudia. Chora nukta za kitovu kimoja zikiunganishwa kwa mstari, na visima vya mannitoli na PEG-SOD viwe kwenye mchoro huo huo, si kwenye kiambatisho.