TOEFL ya alama 6: kupanga upya masomo ukiwa Kigoma

Kama unajinoa kwa daftari la mtu aliyefanya TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa wanaoomba vyuo vya nje, mwaka 2022, lifunge kwanza. Tangu 21 Januari 2026 kila sehemu kati ya nne, yaani kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, hupewa alama ya 1 hadi 6, ikipanda kwa nusu nusu. Alama ya jumla si jumlisho tena. Ni wastani wa sehemu zote nne, unaokadiriwa kwenye nusu iliyo karibu. Kwa miaka miwili ya mpito, karatasi ya matokeo inaonyesha pia alama linganishi ya mizani ya zamani, ile ya 0 hadi 120.

Kabla ya kugusa kitabu, soma tena barua ya chuo au ya mfadhili. Angalia wanadai alama ya mizani ipi, na kama wameweka kiwango cha chini kwa kila sehemu au kwa jumla tu. Wengi hujikwaa hapa: wanachukua 120, wanagawa kwa 6, wanapata 20, kisha wanagawa kila kitu kwa 20. Hesabu hiyo ni uongo. Kwa njia hiyo 72 ingekuwa 3.6, wakati kwenye jedwali la ETS, wenye mtihani, 72 ndipo inapoanzia 4, yaani B2 kwenye ngazi za Ulaya za kupima lugha, zinazoanza A1 hadi C2. Vivyo hivyo 95 ndiyo mlango wa 5, ngazi ya C1. Kwa namba nyingine fungua jedwali lenyewe, usikisie.

Sasa chukua kalamu. Tuseme majaribio yako ya nyumbani yanakupa 4.5, 4.5, 4 na 3.5. Jumla ni 16.5, gawa kwa nne, unapata 4.125, inakadiriwa kuwa 4. Ukiipandisha ile 3.5 hadi 4.5, jumla inakuwa 17.5, wastani 4.375, nawe unaandikiwa 4.5. Zamani kila pointi uliyookota popote ilionekana kwenye jumla. Siku hizi unaweza kusoma mwezi mzima, ukaongeza kidogo kila sehemu, na namba isitikisike. Kwa hiyo usigawe muda sawa kwa sawa. Sehemu iliyo nyuma ipe nusu ya saa zako zote za wiki, ile iliyobakiza kidogo kuvuka nusu inayofuata ipe robo, na mbili zilizobaki zigawane robo ya mwisho ili zisipate kutu.

Kuna vitu vya kutupa kabisa. Insha ile ya kusoma makala, kusikiliza mhadhara na kuandika muhtasari wa vyote viwili haipo. Maswali ya kuzungumza yaliyokupa sekunde za kujiandaa nayo yameondoka, na ile mifumo ya kukariri ya "kwanza, pili, mwisho" haina tena pa kukaa.

Kusoma na kusikiliza sasa kunajipanga kulingana na uwezo wako. Unaanza na fungu la kwanza la maswali. Ukifanya vizuri unapelekwa fungu gumu, ukiteleza unapelekwa rahisi. Fungu rahisi linafariji machoni lakini halikufikishi kileleni. Ndiyo maana kuokoa dakika mwanzoni ili "zije kusaidia mbele" ni hasara. Tulia kwenye fungu la kwanza, na usiache nafasi wazi, maana jibu kosa halikukati alama.

Zoezi jipya la kusoma linalowaangusha wengi ni la kukamilisha maneno: aya fupi yenye maneno 10 yaliyokatwa herufi za mwisho. Unaweza kujitungia mwenyewe kwa mada unayoijua. Mfano: Fishermen on the lake use bright la--- to att---- small fi-- at ni---. Ukiwa umeziona karabai za wavuvi wa dagaa usiku kutoka Kibirizi, mwalo wa Kigoma, maana unaipata mara moja, na bado utakosea, kwa sababu mtu anaandika "lamp" akaona imetosha. Hesabu vistari: baada ya la kuna vitatu, kwa hiyo ni lamps, kwa wingi. Herufi za mwisho ndizo zinazobeba s ya wingi, ed ya wakati uliopita na ing, na hizo ndizo tunazozimeza. Mwombe mwenzako akate aya moja kila siku, mbadilishane, msahihishe kwa kalamu nyekundu. Aya moja inatosha. Tano kwa mkupuo zinachosha bila faida.

Kuzungumza kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kusikia sentensi mara moja na kuirudia ilivyo, sentensi saba zinazozidi kurefuka. Ya pili ni mahojiano ya maswali manne, sekunde 45 kila moja, bila muda wa kujiandaa. Kwenye kurudia, neno lililodondoka ni alama iliyodondoka, hata kama maana imebaki. Kiswahili kina irabu tano tu, kwa hiyo leave na live hutoka mdomoni sawa. Tena tumezoea kufunga neno kwa irabu, basi books inageuka "bukusi". Aliyekulia kwenye Kiha au lugha jirani mara nyingi huchanganya pia r na l. Tiba yake ni kinasa sauti cha simu: sikiliza sentensi, simamisha, rudia, kisha sikiliza yako na ya mwanzo kwa kufuatana. Andika neno lililopotea. Baada ya wiki moja orodha itakuonyesha kosa lako ni lipi hasa, na mara nyingi ni viambishi vya mwisho, si msamiati.

Kwa mahojiano weka saa ya simu kwenye sekunde 45 na uanze kujibu papo hapo. Jibu kwanza, sababu moja, mfano mmoja. Ukimaliza kwenye sekunde ya 20 hukutoa mfano.

Kuandika kumebaki na mjadala wa darasani wa dakika 10, kukaongezwa kupanga maneno kuwa sentensi na kuandika barua pepe kwa dakika 7. Kwenye kupanga, mtego mkubwa ni swali lililo ndani ya sentensi: Do you know what time the library closes, si does the library close. Kwenye barua pepe adui ni adabu yetu. Salamu za afya, familia na "natumaini hujambo" zinakula dakika mbili wakati swali limeorodhesha mambo matatu ya kujibiwa. Salamu mstari mmoja, mambo matatu, shukrani, jina.

Ukifikiria kufanyia mtihani nyumbani, pima kwanza: simu na tableti hazikubaliwi, lazima kompyuta, chumba uwe peke yako, na intaneti isiyokatika. Jaribu kwa siku tatu mfululizo saa ileile ya mtihani, maana mtandao wa saa nne asubuhi mtaani Mwanga, hapa Kigoma, si ule wa saa mbili usiku. Ukiona mtandao unayumba, kafanyie kwenye kituo cha mtihani. Na kama kituo ni Dar es Salaam, usipange treni ifike usiku wa kuamkia mtihani. Reli ya kati ina uchelewaji wake. Acha siku mbili katikati, na hakikisha jina ulilojisajilia linafanana herufi kwa herufi na lililo kwenye pasipoti.