Namna ya kupima zana za faragha za kivinjari kabla ya kuziamini

Vivinjari karibu vyote siku hizi huja na zana za faragha ndani yake, na mtumiaji wa Kampala, Arua au Busia hutakiwa aziamini bila kuelezwa zinamficha asionwe na nani. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, jiulize swali hilo. Mtu uliyemwazima simu, kampuni ya simu inayokuuzia bando, tovuti unayoitembelea na kampuni ya matangazo iliyojipenyeza ndani ya tovuti hiyo ni macho manne tofauti, na hakuna zana moja inayoyafumba yote.

Anza na hali fiche (Incognito), yaani dirisha la kivinjari lisilohifadhi historia, kwa kuwa ndiyo inayoaminiwa kupita kiasi. Hufuta historia na vidakuzi (cookies), yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari ili zikukumbuke, pindi unapofunga madirisha yake, kwa hiyo inafaa sana kwenye kompyuta ya duka la intaneti au simu inayotumiwa na nyumba nzima. Lakini kampuni ya simu bado inaweza kujua tovuti unazofungua, na mafaili uliyopakua hubaki palepale. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 ikidaiwa kukusanya taarifa za watu waliotumia hali hiyo kwenye Chrome, na mwaka 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu.

Kisha shughulikia vidakuzi vya watu wengine, yaani alama ambazo kampuni za matangazo huziacha kwenye kivinjari ili zikutambue kila uendako. Safari huvizuia vyote tangu 2020. Firefox ilianza kuwazuia wafuatiliaji wanaojulikana mwaka 2019. Chrome, ambayo huja tayari kwenye simu nyingi za Android, iliahidi mwaka 2020 kuviondoa, kisha ikaghairi Julai 2024, kwa hiyo kazi hiyo imebaki mikononi mwako: gusa vidoti vitatu vilivyo juu, ingia Mipangilio, halafu Faragha na usalama, tafuta sehemu ya vidakuzi vya watu wengine na uchague kuvizuia. Ukimaliza, fungua tovuti ya benki yako na ile ya Mamlaka ya Mapato; moja ikigoma, iruhusu hiyo peke yake badala ya kurudisha mpangilio wote ulivyokuwa.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi kwetu ni kubana data, kwa sababu bando ni ghali na Opera Mini imewasaidia wengi kulinyoosha. Katika hali yake ya kubana kwa kiwango cha juu kabisa, ukurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera, hufunguliwa na kupunguzwa huko, ndipo uletwe kwenye simu yako, maana yake usiri baina yako na tovuti hukatika njiani. Kwa kusoma habari sioni tatizo, ila usiingize nywila ya benki ukiwa katika hali hiyo.

VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva za mtu mwingine, nayo ipimwe hivyohivyo. Tangu kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ilipoanza hapa Uganda Julai 2018, na hasa baada ya Facebook kufungwa Januari 2021, watu wengi wamezoea kuwasha VPN yoyote ya bure. VPN huondoa macho ya kampuni ya simu na kuweka ya mwenye VPN, kwa hiyo tafuta kwanza ni nani anayeiendesha na anapata wapi fedha. Ukikosa jibu, iache. Ile iliyomo ndani ya kivinjari, kwa kawaida, hulinda kinachopita kwenye kivinjari tu, wala haigusi WhatsApp.

Hata kivinjari chenye jina zuri kikaguliwe kila baada ya sasisho kubwa. Toleo la 128 la Firefox, Julai 2024, lilikuja na mfumo wa kupima matangazo ukiwa umewashwa tayari bila mtumiaji kuulizwa, na noyb, shirika la kutetea faragha la Austria, likawasilisha malalamiko. Mimi bado naipendekeza Firefox ikiwa katika kiwango chake kikali cha ulinzi, lakini ukurasa wa mipangilio ya faragha lazima urudiwe, kitufe baada ya kitufe. Mwisho, toka kwenye kivinjari, ingia mipangilio ya simu yenyewe, fungua ruhusa za kivinjari hicho, na uzime mahali ulipo, maikrofoni na kamera, hadi siku utakapovihitaji.