Kuchora kwa Rangi Ukiwa na Ugonjwa wa Parkinson

Mwenye ugonjwa wa Parkinson anayetaka kujiburudisha kwa kuchora aanze na saa kabla ya kufikiria brashi. Levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini (kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza miondoko ya mwili), haina nguvu ileile mchana kutwa: kuna muda ambapo viungo hulegea na kutii, na kuna muda ambapo ukakamavu hurudi kabla ya dozi inayofuata. Andika kwa siku chache saa unayomeza dawa na saa unayopata nafuu, kisha uchore ndani ya nafuu hiyo. Kubadili saa za dawa kwa ajili ya picha, bila kumwuliza daktari, hakufai kabisa.

Watu wengi huogopa mtetemeko, lakini kwa maoni yangu kinachoharibu picha zaidi ni kusinyaa kwa miondoko. Mwandiko wa wagonjwa wengi huanza ukiwa wa kawaida na kumalizikia herufi ndogo mno mwishoni mwa mstari, na brashi nayo hufuata mkondo huohuo, hata majani yaliyoanza mapana upande mmoja wa karatasi yakawa vidoa upande wa pili. Kwa hiyo chukua karatasi kubwa na brashi pana, weka alama za penseli pale kila mstari unapoanzia na unapokomea, na usogeze mkono kuanzia begani, si vidoleni.

Mtetemeko wenyewe hujitokeza zaidi mkono ukiwa umepumzika, na kwa wengi hupungua mkono unapoanza kazi. Usiiache brashi ikining'inia juu ya karatasi huku ukiwaza. Egemeza kiwiko mezani, amua, kisha uvute mstari. Anayetetemeka hata akiwa kazini azungushie mpini sponji ili unenepe, au atumie sponji yenyewe kupaka anga na maji, kazi ambayo haihitaji ncha kali.

Kaa kwenye kiti chenye mikono, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, bandika karatasi kwa utepe wa gundi, na utie maji machache katika kikombe kizito. Ukimaliza, inuka polepole, kwa kuwa shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla.

Rangi za maji na za akriliki zinafaa kuliko za mafuta, kwani brashi zake husafishwa kwa maji matupu. Rangi za mafuta mara nyingi hutumiwa pamoja na tapentaini, na wagonjwa wengi wa Parkinson wamepungukiwa na uwezo wa kunusa, hivyo chumba kinaweza kujaa mvuke wake bila wao kutambua.

Baadhi ya dawa za ugonjwa huu, hasa zile zinazoiga kazi ya dopamini, huweza kumfanya mtu ashindwe kujizuia katika jambo analolipenda. Ukiona unachora usiku kucha, umeacha kula au unamaliza fedha kwa kununua rangi, mwambie daktari, na wa nyumbani wakilisema kabla yako, wasikilize.